Mchanganyiko wa plastiki zinazooza unaokatika kama kigae: kutafuta chanzo kabla ya kubadili uwiano wa viungo

Asidi ya polilaktiki, ambayo watu wa fani huiita PLA kwa ufupi, ni plastiki yenye nguvu isiyo na uvumilivu. Ikivutwa hustahimili megapaskali 50 hadi 70, na ukakamavu wake hufika gigapaskali 3 au zaidi kidogo, lakini hurefuka kwa asilimia 3 hadi 6 tu kabla ya kukatika, na ikigongwa hupasuka vipande. Ndiyo maana huchanganywa na polima laini ambazo nazo zinaoza: polibutilini adipeti tereftaleti, yaani PBAT, polibutilini saksineti, yaani PBS, au polikaprolaktoni, yaani PCL. Katika joto la kawaida la chumba, minyororo ya polima hizi bado ina uhuru wa kusogea, wakati ile ya PLA imeganda kama kioo mpaka ifikie nyuzijoto 55 hadi 60.

Mchanganyiko unapotoka na bado unakatika, mkono wa wengi hukimbilia mizani ili kuongeza kile kilaini. Ningeshauri mizani iachwe kwanza. Ushupavu, kwa maana ya kiasi cha nishati ambacho kitu hunyonya kabla hakijavunjika, hutegemea kama minyororo ya polima ingali mizima, kama polima laini imesambaa katika matone madogo, kama matone hayo yameshikana na kilichoyazunguka, na kama kipande kimekaa muda gani tangu kitengenezwe. Uwiano wa viungo huja baada ya hayo yote. Nimepanga dalili zifuatazo kwa utaratibu ninaoutumia mwenyewe, nikianza na zile ambazo uchunguzi wake hauhitaji kifaa kikubwa.

Vipande vya kundi moja vinatoa namba zilizoachana sana

Hapa mtuhumiwa wa kwanza si plastiki bali kipimo. Katika jaribio la nyundo inayobembea, kwa viwango vya ISO 179 au ASTM D256, kipande hukatwa chale ambayo ncha yake inatakiwa kuwa na mviringo wa nusukipenyo cha milimita 0.25. Kisu butu, au kinachozunguka kwa kasi mno, huyeyusha PLA pale ncha inapopita, chale ikatoka pana kuliko inavyotakiwa, na namba ikapanda bila sababu ya haki. Kisu chenye pengo kwenye makali huacha mikwaruzo inayofanya kazi ya ufa ulioanza tayari, na namba ikashuka. Weka chale chini ya hadubini ya kawaida kabla ya kupiga nyundo. Ni kazi ya dakika tano, na imewahi kuniokoa wiki nzima ya kusaka kosa lisilokuwepo.

Angalia pia namna kipande kilivyovunjika. Kipande kilichogawanyika kabisa na kile kilichobaki kimeshikana kwa bawaba nyembamba havipaswi kuingizwa katika wastani mmoja, kwa maana ni matukio mawili tofauti. Vipande vikae katika nyuzijoto 23 na unyevu wa hewa wa asilimia 50, kwa muda uleule kila mara, na muda huo uandikwe. Umuhimu wa maandishi hayo utaonekana tutakapofika kwenye suala la kuzeeka.

Kamba zinakatikakatika zikitoka kwenye mashine, na myeyuko ni mwepesi

PLA, PBAT, PBS na PCL zote ni poliesta, yaani minyororo iliyoungwa kwa vifungo vya esta, na adui wa poliesta iliyoyeyuka ni maji. Dalili zake hujulikana: kamba inayotoka kwenye mdomo wa mashine ya kuchanganyia hulegea na kudondoka badala ya kuvutika, mapovu madogo huonekana ndani yake, nguvu ya kuzungusha skrubu hushuka ingawa kasi haijabadilishwa, na rangi huelekea umanjano. Wakati mwingine dalili hizi ni hafifu kiasi cha kupuuzwa, na mtu hugundua udhaifu siku ya kupima tu.

Hesabu ifuatayo naipenda kwa sababu humaliza ubishi. Chukua gramu moja ya PLA ambayo minyororo yake ina wastani wa gramu 100,000 kwa moli. Ndani yake mna mikromoli 10 za minyororo. Ikiwa imebeba unyevu wa sehemu 1,000 kwa milioni, gramu hiyo ina miligramu moja ya maji, ambayo ni mikromoli 56 hivi. Molekuli moja ya maji hukata kifungo kimoja cha esta. Maji hayo yote yakipata nafasi ya kufanya kazi yake, kila mnyororo utakatwa mara tano na nusu kwa wastani, na wastani wa gramu 100,000 utaporomoka hadi 15,000 hivi. Hata kwenye kikomo kinachokubaliwa na wengi, cha sehemu 250 kwa milioni, hesabu inatoa mkato mmoja na ushei kwa kila mnyororo. Kinachotuokoa ni kwamba sehemu ya maji hutoka kama mvuke kabla haijamenyuka, na kwamba muda wa plastiki ndani ya mashine ni mfupi. Lakini minyororo ikishakuwa mifupi, haisokotani tena vya kutosha kubeba mvuto, na hakuna kiasi cha PBAT kitakachorudisha kilichokatwa.

Namna ya kuthibitisha ni hii. Pitisha PLA peke yake, bila kuichanganya na kitu, katika mashine ileile na kwa mipangilio ileile, kisha linganisha kipimo chake cha mtiririko wa myeyuko na cha PLA ambayo haijapita, kwa nyuzijoto 190 na uzito wa kilogramu 2.16. Sampuli zote mbili zikaushwe kabla ya kupimwa, la sivyo utakuwa unapima unyevu wa kipimo chenyewe. Mtiririko ukiongezeka kidogo ni jambo la kawaida; ukiongezeka maradufu, simamisha utafiti wa vipimo vya mchanganyiko na urekebishe ukaushaji.

PLA yenye fuwele, ile ambayo punje zake zina weupe wa maziwa, hukaushwa kwa nyuzijoto 80 kwa saa nne hivi katika hewa kavu ambayo kiwango chake cha umande ni nyuzijoto 40 chini ya sifuri. Punje zinazoangaza kama kioo hazina fuwele, na zikiwekwa katika joto hilo hushikana na kuwa bonge moja ndani ya kikaushio. Hizo zinahitaji joto la chini ya nyuzijoto 50 na muda mrefu zaidi. PBAT hutosheka na nyuzijoto 60 hadi 70. PCL huyeyuka kwenye nyuzijoto 60, kwa hiyo isipewe zaidi ya 40 hadi 45, na koo la kulishia mashine lipozwe kwa maji, vinginevyo punje zake hulainika na kuziba njia, mlisho ukawa wa kusitasita, na uwiano wa mchanganyiko ukabadilika kila dakika bila mtu kujua.

Ukavu nao haudumu. Punje zilizokaushwa usiku kucha, kisha zikamiminwa katika ndoo iliyo wazi kando ya mashine, zinaanza kunywa unyevu mara moja. Kikaushio kizuri kisichounganishwa na faneli ya kulishia ni kazi nusu.

Ikiwa ukaushaji ni mzuri na mnato bado unaporomoka, tazama joto. Namba inayoonyeshwa kwenye ukuta wa mashine si joto la myeyuko, kwa sababu skrubu zenyewe huzalisha joto kwa msuguano. Ingiza kipimajoto katika kamba inapotoka. Kwa PLA napendelea myeyuko usizidi nyuzijoto 200, na muda wa kukaa ndani ya mashine usizidi dakika chache. Mabaki yaliyosagwa na kurudishwa kwenye mlisho yamepitia mateso haya mara mbili, kwa hiyo yahesabiwe kama malighafi tofauti.

Kinarefuka vizuri kikivutwa, lakini kinapasuka kikigongwa

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu kuliko zote, maana jaribio moja linasema mchanganyiko umefaulu na lingine linasema haujabadilika. PLA yenye asilimia 20 ya PBAT, bila kipatanishi chochote (kiungo cha kuzishikanisha polima mbili), inaweza kurefuka zaidi ya asilimia 200, ilhali nishati inayonyonya katika jaribio la nyundo haijafika hata maradufu ya PLA tupu. Majaribio yote mawili yanasema kweli.

Tofauti ya kwanza ni kasi. Mashine ya kuvutia ikienda milimita 50 kwa dakika, nyundo inayokwenda karibu mita 3.5 kwa sekunde inaizidi kwa zaidi ya mara 4,000. Kipande kikivutwa polepole, matone ya PBAT hubanduka kutoka kwa PLA, matundu madogo hufunguka, na nyama ya PLA iliyobaki kati ya matundu hupata nafasi ya kunyumbuka. Weupe unaotokea kwenye shingo ya kipande ni mwanga unaotawanywa na matundu hayo. Nyundo haitoi muda huo. Tofauti ya pili ni chale, ambayo hukusanya mkazo katika ncha yake na kuuelekeza pande tatu kwa pamoja, hali ambayo huinyima PLA fursa ya kuteleza na kuilazimisha ipasuke.

Kinachoamua hapa ni unene wa kuta za PLA zilizoachwa kati ya tone na tone. Mtafiti wa polima Souheng Wu alionyesha mwaka 1985, akitumia nailoni iliyotiwa mpira, kwamba ushupavu huruka ghafla pale umbali kati ya nyuso za matone unaposhuka chini ya kiwango fulani, ambacho kwa nailoni ile kilikuwa mikromita 0.3 hivi. PLA ina kiwango chake tofauti, lakini jiometria ni ileile, na inafaa kuifanyia hesabu. Matone yakichukua asilimia 20 ya ujazo, na tukiyachukulia kuwa yamepangika sawasawa, umbali kati ya nyuso zake ni karibu asilimia 38 ya kipenyo cha tone. Matone ya mikromita 3 yataacha kuta za mikromita 1.1. Ukiongeza PBAT hadi asilimia 30 huku matone yakibaki na ukubwa uleule, kuta zitapungua hadi mikromita 0.6. Ukibaki na asilimia 20 lakini ukayapunguza matone hadi mikromita 0.8, kuta zitakuwa mikromita 0.3. Njia ya pili imekufikisha mbali zaidi bila kupoteza ukakamavu wala kununua PBAT zaidi.

Kwa hiyo mwenye dalili hii asipande kwenda asilimia 40. Katika kiwango hicho matone huanza kuungana na kuwa kama sponji mbili zilizopitana, ukakamavu unashuka sana, na bidhaa iliyokusudiwa kuwa kijiko inaanza kupinda kama ukanda. Apime ukubwa wa matone.

Matone ni makubwa

Kuyaona kunahitaji hadubini ya elektroni na kipande kilichovunjwa kikiwa kimegandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika, ili uso wa mvunjiko usikwaruzwe na unyumbukaji. Asiye na hadubini hiyo asikate tamaa: kipande chenye mng'ao wa lulu usio wa rangi, au ambacho ngozi yake hubanduka tabaka kwa tabaka ukikikunja mara kadhaa karibu na mlango wa kalibu, kimejieleza vya kutosha.

Tone hukatwa na mvuto wa kilicholizunguka, na linajizuia kwa mnato wake na kwa mkazo wa uso wake. Mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor alilifanyia kazi suala hili katika miaka ya 1930 kwa matone ya vimiminika vya kawaida, na matokeo yake bado yanatuongoza: mnato wa tone ukizidi wa kilicholizunguka kwa karibu mara nne, msukosuko wa kawaida wa tabaka kuteleza juu ya tabaka hulizungusha tone tu bila kulikata. PLA iliyoharibiwa na unyevu huleta hasara ya pili hapa, kwa sababu mnato wake ukishuka, PBAT inageuka kuwa upande mzito na matone yanakataa kukatika. Mara nyingi nimeona watu wakibadilisha umbo la skrubu wakati tatizo lilikuwa kwenye kikaushio.

Mnato wa pande zote mbili ukiwa unakaribiana na matone bado ni makubwa, zipo njia za kujaribu: ongeza vipande vya kukandia katika skrubu, ongeza kasi, au, jambo ambalo wengi hulisita, punguza joto la eneo la kuchanganyia kwa nyuzijoto 10 ili myeyuko uwe mzito na usukume kwa nguvu zaidi. Badilisha kimoja kwa wakati.

Kuna hali moja inayohitaji jicho la pekee: matone ni madogo katika punje zilizotoka kwenye mashine ya kuchanganyia, lakini ni makubwa katika bidhaa iliyofinyangwa. Hapo uchanganyaji hauna kosa. Matone yameungana tena wakati punje zilipoyeyushwa mara ya pili na kukaa kwenye pipa la mashine ya kufinyangia bila kusukwasukwa. Punguza muda wa kukaa humo na joto lake, kisha nenda kwenye suala la mpaka, kwa sababu mpaka uliofungwa vizuri ndio unaozuia matone kukutana.

Uso wa mvunjiko una vishimo laini vya mviringo

Vishimo visafi, kama alama za gololi zilizong'olewa kutoka kwenye udongo mkavu, vinaonyesha kwamba PBAT ilichomoka bila kuacha hata uzi. Mpaka hauna kinachoushika. Polima hizi mbili hazichangamani kwa asili yake: minyororo mirefu haina faida kubwa ya kujichanganya, hivyo hata uadui mdogo wa kikemia unatosha kuitenga. Ukipima joto la mpito wa kioo, ambalo chini yake polima huganda kama kioo, utaliona mara mbili, moja karibu na nyuzijoto 55 hadi 60 la PLA, na jingine karibu na 30 chini ya sifuri la PBAT.

Dawa ni kipatanishi, ambacho kwa kawaida huundwa ndani ya mashine yenyewe. Vinavyotumika sana ni virefusho vya minyororo vyenye vikundi vingi vya epoksi, kwa kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.8 hivi; epoksi humenyuka na ncha za asidi na za pombe za poliesta zote mbili, na mnyororo wa PLA ukiunganishwa na wa PBAT kupitia molekuli moja, kiunganishi hicho hukaa mpakani. Peroksaidi ya dikumili nayo hutumika, kwa asilimia 0.1 hadi 0.3.

Kipatanishi kimetiwa na vishimo bado vipo? Fikiria kwanza kwamba kimetumika mahali pengine. PLA iliyoingia na unyevu inazalisha ncha mpya za asidi kwa wingi, na epoksi, isiyojua nia yako, inaunga minyororo iliyokatika ya PLA kwa PLA. Mnato unarudi, mtu anafurahi, lakini mpakani hakuna kilichobaki. Fikiria pili muda: mmenyuko wa epoksi unahitaji dakika mbili hadi tatu katika nyuzijoto 200 hivi, na mashine fupi inayokimbizwa haitoi muda huo. Pima mtiririko wa punje, kisha uziyeyushe tena na kupima upya. Mnato ukipanda katika mara ya pili, mmenyuko ulikuwa haujaisha.

Dalili ya upande wa pili ni vipunje vigumu ndani ya kamba au madoa yanayong'aa kama macho ya samaki ndani ya filamu, pamoja na nguvu ya kuzungusha skrubu inayopanda kwa mikupuo. Hizo ni jeli, nazo hutokana na kipatanishi kuzidi au kutosambaa. Peroksaidi ndiyo mkorofi zaidi, kwa sababu katika nyuzijoto 170 na kidogo nusu yake huisha ndani ya dakika moja hivi. Ikinyunyizwa juu ya punje kavu, inamalizika palepale ilipoangukia. Itawanye kwanza katika unga wa PLA au PBAT, kisha unga huo ndio uingie kwenye mlisho.

Kilikuwa imara jana, leo kinakatika

Niliwahi kufinyanga vipande vya PLA na PBAT kwa uwiano wa 80 kwa 20 siku ya Ijumaa, na jioni hiyo nikavipinda kwa mikono hadi ncha zikakaribia kukutana. Vilipauka pale vilipopinda, lakini havikukatika. Jumatatu vipande vya sanduku lilelile vilikatika kwa mlio kabla havijafika nusu ya mkunjo huo. Nilishuku lebo, nikashuku unyevu wa wikendi, nikapoteza siku mbili.

PLA inapopozwa haraka ndani ya kalibu baridi, minyororo yake huganda kabla haijajipanga, na kuna nafasi ndogondogo zinazobaki kati yake. Chumba chenye nyuzijoto 23 kiko chini ya mpito wa kioo kwa nyuzijoto 35 tu, umbali ambao bado unaruhusu mijongeo midogo, kwa hiyo katika saa na siku zinazofuata minyororo hujibana taratibu na kupoteza uwezo wa kuteleza. Hakuna kifungo kilichokatika na hakuna kilichoongezeka. Ni kuzeeka kwa umbo tu.

Jambo hili lina jaribio lake la kuamua, na uzuri wake ni kwamba linahitaji tanuri ndogo tu. Weka baadhi ya vipande vilivyozeeka katika nyuzijoto 65 hadi 70 kwa dakika kumi, vikiwa vimelazwa bapa ili visijikunje, vipoze haraka, kisha vipime siku hiyohiyo pamoja na ambavyo havikupashwa moto. Ushupavu ukirudi, chanzo kilikuwa kuzeeka, kwa sababu kuvuka mpito wa kioo hufuta historia hiyo. Usiporudi, minyororo imekatika au fuwele zimeongezeka, na unatakiwa kurudi kwenye kipimo cha mtiririko. Mwenye kalorimita, kifaa kinachopima joto linalonyonywa na sampuli, ataona kilele kidogo cha kunyonya joto kilichopanda juu ya hatua ya mpito wa kioo katika kupasha moto mara ya kwanza, ambacho hutoweka katika mara ya pili.

Kuzeeka huku hakuzuiliki kabisa, ila matone madogo yaliyoshikwa vizuri hupunguza madhara yake, kwa kuwa kuta nyembamba za PLA huweza kunyumbuka hata zikiwa zimezeeka. Njia nyingine ni kalibu ya moto yenye nyuzijoto 100 hadi 110 pamoja na kianzisha fuwele kama talki, ili PLA ijenge fuwele nyingi ndogo. Mtu aingie huko akijua kwamba mzunguko wa kufinyanga utarefuka, na kwamba fuwele chache kubwa ni mbaya kuliko kutokuwa na fuwele. Kwa vyovyote, namba za siku ya kwanza zisitumiwe kumwahidi mteja. Mimi husubiri angalau wiki.

Mchanganyiko wenye polihidroksibutireti, PHB, huzeeka kwa njia nyingine: mpito wake wa kioo uko karibu na nyuzijoto sifuri hadi 5, hivyo chumbani fuwele zake zinaendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa, na jaribio la nyuzijoto 70 halitoshi kuzifuta.

Kimelainika, lakini uso wake una mafuta

Hapa kilichotiwa ni kilainishi, kama esta za asidi ya sitriki au polietilini glaikoli, na kimeanza kuhama kwenda juu. Kilainishi hushusha mpito wa kioo wa PLA nzima badala ya kujenga matone, na kinapohama huuacha mchanganyiko ulivyokuwa. Punguza kiasi au tumia chenye molekuli kubwa zaidi.

Filamu inachanika kwa urahisi upande mmoja

Katika filamu za mifuko uwiano hugeuka: PBAT huwa nyingi na PLA ndiyo inayokaa kama matone. Filamu ikivutwa kwenda juu kwa nguvu, matone ya PLA hurefushwa kuwa vijiti vinavyoelekea upande wa mashine, kisha huganda hivyo, na mpasuko ukianza hufuata mpaka wa vijiti kama mtu anayepasua kuni kufuata mwelekeo wa nyuzi zake. Kata vipande viwili vya filamu, kimoja kwa urefu na kingine kwa upana, anzisha mpasuko kwa wembe, na uchane kwa mkono. Kikichanika kwa urefu bila upinzani na kwa upana kikakataa, chanzo ndicho hicho. Ongeza uwiano wa kupuliza, ili kipovu cha filamu inayopulizwa kitanuke zaidi kwa upana na kivutwe kidogo kwa urefu. Kagua mpaka kama ilivyoelezwa juu. Na kama PLA imezidi mahitaji ya ukakamavu, hapa ndipo mahali pa kuipunguza.

Kimekuwa shupavu, lakini cheti cha mboji kiko hatarini

Zipo polima za mpira zenye epoksi, zitokanazo na etilini, ambazo kwa asilimia 20 huipa PLA ushupavu usioweza kulinganishwa na wa PBAT. Haziozi. Kiwango cha Ulaya EN 13432, cha vifungashio vinavyooza kuwa mboji, kinaruhusu viungo visivyothibitishwa kuoza endapo kila kimoja hakifiki asilimia 1 na jumla yake haizidi asilimia 5, na mchanganyiko huo umevuka mpaka mara nyingi. Kirefusho cha epoksi cha asilimia 0.5 kiko ndani ya ruhusa, lakini kihesabiwe pamoja na rangi, kianzisha fuwele cha kikaboni na kilainishi cha kalibu, na mabaki yaliyosagwa yanayorudi kwenye mlisho yanakuja na kirefusho chake cha awali.